Kriketi ya Kenya: Mti Uliozaa Kabla ya Kutia Mizizi

Kengele ya mwisho ikishalia, viwanja vya shule za msingi hapa Lumakanda, Kaunti ya Kakamega, hujaa watoto. Wavulana hutwaa sehemu kubwa kwa kandanda, magoli yao yakiwa mawe mawili au sweta mbili zilizokunjwa. Wasichana hujitengea kona yao kando ya ua wa michongoma wakacheza raundasi. Mpira wao ni matambara yaliyobanwa na kufungwa kwa kamba za magunia hadi yakawa magumu kama ngumi. Mmoja hurusha, mwenzake hupiga kwa kipande cha ubao, kisha mpigaji hukimbia huku wengine wakiufuata mpira mbio waudake au waurudishe kabla hajafika.

Kurusha, kupiga, kudaka, kukimbia: hayo manne ndiyo mwili mzima wa kriketi. Watoto wa Lumakanda wameyajua bila kufundishwa na kocha yeyote, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba nchi yao iliwahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia katika mchezo unaojengwa juu ya mambo hayo hayo. Ilikuwa mwaka 2003. Hakuna timu ya taifa ya Kenya iliyofika hatua hiyo ya Kombe la Dunia la kandanda, wala hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test, zile za siku tano, iliyofika nusu fainali ya kriketi kabla yetu au baada yetu. Historia hii inafaa kusimuliwa hapa, katika tarafa za Lugari, mahali ambapo kriketi haijawahi kuwafikia wenyeji, kwa kuwa ndani yake mna funzo kuhusu namna mchezo wa kigeni unavyogeuka kuwa wa wenyeji, na namna unavyoweza kunyauka.

Mbegu ilipandwa Mombasa. Mwaka 1896, mwaka ule ule ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza Kilindini, maofisa wa Himaya ya Afrika Mashariki walicheza na timu ya wakazi wengine wa Mombasa. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza inayokumbukwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mchezo nao ukafika. Ulisafiri katika behewa moja na karani, mhandisi, askari na fundi.

Lakini reli haikubeba Waingereza peke yao. Vibarua wapatao 32,000 walitolewa Bara Hindi kuja kuijenga. Wengi walirejea makwao kazi ilipokwisha, na karibu 2,500 walifia njiani. Karibu 6,700 walibaki, wakafuatwa na ndugu zao, wakafungua maduka hadi Kisumu na Eldoret. Hao nao walikuwa na kriketi mioyoni, wakaanzisha vilabu vyao. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezo huu uliingia Kenya kwa milango miwili, na kila mlango ulikuwa na bawabu wake.

Kuanzia mwaka 1910, maofisa wa serikali na walowezi walikutana kila mwaka kwa mechi ya siku tatu. Desturi hiyo iliendelea hadi mwaka 1964, taifa likiwa tayari limejitawala. Mwaka 1933 ilichezwa kwa mara ya kwanza mechi kati ya Wazungu na Wahindi. Timu zilijengwa kwa rangi ya ngozi, sawa na shule, hospitali na mitaa ya makazi. Mwafrika aliingia uwanjani kukata nyasi, kuviringisha gogo la kusawazisha ukanda, au kuokota mpira uliovuka mpaka. Wa kumpa gongo hakuwepo.

Lumakanda ya siku hizo ilikuwa ndani ya nchi ya walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kiingereza waligawiwa mashamba upande wa Kipkaren na Turbo. Reli ya kwenda Uganda ilifika Eldoret mwaka 1924, kisha ikateremka kupitia Turbo na Lugari kuelekea Webuye. Uhuru ulipokaribia na baada ya kupatikana, mashamba makubwa yalikatwa vipande katika mipango ya makazi, na Wamaragoli, Watachoni, Wakabras, Wabukusu, Wanandi na wengine wakaja kuanza maisha mapya. Waliotoka waliacha nyumba za mawe na mistari ya mikaratusi. Kriketi waliondoka nayo, maana haikuwahi kuwa nje ya ua wao.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe si mgumu kama unavyodhaniwa. Timu mbili, wachezaji 11 kila upande. Katikati ya uwanja kuna ukanda wa udongo ulioshindiliwa, wenye urefu wa mita 20 hivi, na kila mwisho wake vijiti vitatu vimesimama vikibeba viwili vidogo juu. Hivyo ndivyo wiketi. Mrushaji hulenga wiketi. Mpigaji huilinda kwa gongo bapa, na akiupiga mpira mbali hukimbia kubadilishana nafasi na mwenzake, kila mzunguko ukihesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka kwa kuviringika ni mikimbio 4, ukivuka hewani ni 6. Mpigaji hutolewa wiketi yake ikiangushwa, au mpira aliopiga ukidakwa kabla haujagusa ardhi. Kila mipira sita iliyorushwa huitwa ova. Timu moja ikishamaliza kupiga, nyingine nayo huingia kutafuta hesabu iliyo kubwa kuliko ile.

Mpira wenyewe ukiushika utashangaa. Ndani ni kiini cha koki kilichozungushiwa uzi uliobana sana, nje ni ngozi nyekundu iliyoshonwa kwa mshono ulioinuka kama kovu. Uzito wake ni gramu 160 hivi. Mshono ule ndio ujanja wote: mrushaji mwenye kasi huufanya mpira uruke kando ukigonga ardhi, na mwenye vidole laini huuzungusha ukapinda kama ng'ombe anayekwepa kamba.

Kenya ilicheza mechi yake ya kwanza dhidi ya nchi nyingine mwaka 1951, na Tanganyika. Miaka miwili baadaye Chama cha Kriketi cha Kenya kikaundwa. Wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliungana kwa jina la Afrika Mashariki, na Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza mwaka 1975, timu hiyo ilikuwa miongoni mwa nane zilizoalikwa. Iliongozwa na Harilal Shah wa Kenya. Ilicheza na New Zealand, India na wenyeji Uingereza, ikashindwa mara zote tatu.

Ukitazama orodha ya kikosi kile unaona hali ya wakati huo waziwazi. Weusi walikuwa wawili tu, John Nagenda, aliyejulikana pia kama mwandishi, na Samuel Walusimbi, na wote wawili walikuwa Waganda. Uganda ilikuwa imeutia mchezo katika shule za bweni za wenyeji, King's College Budo ikiwa mojawapo. Kenya, yenye wachezaji wengi zaidi kikosini, haikuwa na mwana hata mmoja wa Kiafrika mweusi wa kupeleka, miaka 12 baada ya uhuru.

Mwaka 1981 Kenya ilijitenga na kikosi cha Afrika Mashariki ikajiunga na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, kwa jina lake. Wakati huo mabadiliko yalikuwa yakiendelea kimyakimya Nairobi. Vilabu vya Wahindi kama Swamibapa, Aga Khan na Sir Ali Muslim vilipakana na mitaa ya wafanyakazi. Vijana, wengi wao Waluo ambao wazazi wao walikuja mjini kutafuta kazi, walisimama uani wakitazama. Kisha wakaokota mipira, kisha wakaombwa kujaza nafasi timu ilipopungua mtu, kisha ikaonekana kwamba wanapiga vizuri kuliko waliowaalika.

Ajabu ya vijana hao ni kwamba walikuja kwa familia. Kaka alimwonyesha mdogo wake, na mdogo akamwonyesha anayemfuata. Nyumba ya Tikolo ilitoa Tom, David na Steve. Ya Odumbe ilitoa Edward na Maurice. Ya Suji, Martin na Tony. Ya Obuya, Kennedy Otieno, David na Collins. Baadaye nyumba ya Ngoche ikatoa ndugu wanne kwa timu ya taifa ya wanaume, na dada zao wakachezea ya wanawake. Hilo ni jambo la fahari. Pia linaonyesha udhaifu ambao hakuna aliyeutilia maanani wakati ule: chuo cha kriketi cha Kenya kilikuwa sebule chache za Nairobi. Shule zilizofundisha mchezo huu zilihesabika kwa vidole.

Mwaka 1994 Nairobi iliandaa mashindano ya ICC ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia. Kenya ilifika fainali, ikashindwa na Umoja wa Falme za Kiarabu kwa tofauti ndogo, lakini tiketi ikawa imepatikana. Februari 1996 kikosi kilitua India kikiongozwa na Maurice Odumbe. Wachezaji wake walikuwa watu wa kazi za kila siku, waliofanya mazoezi baada ya saa za ofisi.

Tarehe 29 Februari, mjini Pune, Kenya ilikutana na West Indies. Kila mpenzi wa kriketi alijua uzito wa jina hilo. Hao ndio waliobeba makombe mawili ya kwanza ya dunia, 1975 na 1979. Walikuwa na Curtly Ambrose na Courtney Walsh, warushaji ambao wapigaji wa dunia nzima waliwaogopa, na walikuwa na Brian Lara, mpigaji aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa walio bora kabisa wa enzi yake.

West Indies walishinda kura ya sarafu wakaamua Kenya ianze kupiga. Wiketi zilianguka moja baada ya nyingine. Steve Tikolo alipata mikimbio 29, Hitesh Modi 26, kijana Thomas Odoyo 24. Wengine wote walitolewa kwa hesabu ndogo. Hata hivyo, warushaji wa West Indies walirusha ovyo, na mikimbio ya bure iliyotokana na makosa yao ilifika 37, mingi kuliko aliyopata Mkenya yeyote. Kenya ilimaliza na 166. Ilionekana kama kazi ya alasiri moja.

Martin Suji akamwangusha Sherwin Campbell. Rajab Ali akaipiga wiketi ya nahodha Richie Richardson. Lara akaingia, umati wa Wahindi ukasimama kumshangilia, maana walikuja kumwona yeye. Akapata mikimbio 8. Rajab Ali akarusha tena, Lara akanyoosha gongo, mpira ukagusa ukingo wake na kuruka nyuma, na Tariq Iqbal, mdakaji wa Kenya anayekaa nyuma ya wiketi, mtu mnene aliyekuwa akitaabika na mipira mingi siku ile, akaukumbatia. Uwanja ukanyamaza kitambo, halafu ukaanza kuwashangilia Wakenya.

Baada ya hapo Odumbe mwenyewe alishika mpira. Alirusha ova zake kwa upole na utulivu, akawatoa watatu na kuachia mikimbio 15 tu. Wawili wengine walitolewa kwa kukimbia bila kuelewana, dalili ya watu walioshikwa na hofu. West Indies waliishia 93. Kenya ilishinda kwa mikimbio 73, na waliocheza siku ile walikuwa Wahindi wa Kenya na Waafrika wa Kenya katika kikosi kimoja: Chudasama na Otieno, Karim na Odoyo, Modi na Suji. Miaka 63 baada ya mechi ya kwanza ya Wazungu na Wahindi, ukuta wa rangi ulikuwa umeanguka mbele ya macho ya dunia.

Miaka saba iliyofuata ilikuwa ya kupanda. Mwaka 1997, katika fainali ya ICC nchini Malaysia, Tikolo alipiga mikimbio 147, lakini Bangladesh ikaipiku Kenya kwenye mpira wa mwisho kabisa. Mwaka 1998 Kenya iliifunga India nyumbani kwake Gwalior, na mwaka 2001 ikaifunga tena Port Elizabeth, Afrika Kusini. Uwanja wa Gymkhana wa Nairobi ukawa unazipokea timu kubwa. Ni hapo, Oktoba 1996, kijana wa Pakistan Shahid Afridi alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37, rekodi iliyodumu zaidi ya miaka 17.

Kisha ukaja mwaka 2003. Kombe la Dunia liliandaliwa na Afrika Kusini, na mechi chache zikapangwa Zimbabwe na Kenya. Nahodha alikuwa Steve Tikolo, kocha akiwa Sandeep Patil wa India. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, miezi michache baada ya shambulio la kigaidi la Kikambala, na Kenya ikapewa pointi. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba safari yetu ilikuwa ya kupewa. Wasemao hivyo wameisahau tarehe 24 Februari.

Siku hiyo Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa mwaka 1996, walikuja Gymkhana. Kenya ilipiga kwanza ikapata 210, Kennedy Otieno akichangia 60. Sri Lanka walipoanza kuifukuza hesabu hiyo, Collins Obuya mwenye umri wa miaka 21 alipewa mpira. Yeye huuzungusha kwa kifundo cha mkono, sanaa ngumu kuliko zote katika urushaji, maana kidole kikiteleza kidogo tu mpira hutua mahali pa kupigwa. Siku ile hakikuteleza. Aliwatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24, Sri Lanka wakaishia 157, na wachezaji wakauzunguka uwanja wakiwapungia mashabiki huku bendera zikipepea. Kaka yake alikuwa amejenga hesabu, naye mdogo akailinda.

Bangladesh ilifuata, ikafungwa Johannesburg. Zimbabwe ikafungwa Bloemfontein, wapigaji watatu tu wa Kenya wakiwa wametolewa. Dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia, Kenya ilishindwa, lakini Aasif Karim aliacha alama isiyofutika. Mzaliwa huyu wa Mombasa alikuwa na miaka 39, alikuwa amestaafu kisha akaitwa tena, na katika ujana wake aliichezea Kenya hata tenisi ya Davis Cup. Alirusha ova nane na mipira miwili, akawatoa Waaustralia watatu, na mikimbio waliyoipata kwake ilikuwa 7 tu.

Tarehe 20 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilisimama katika nusu fainali. India ilipata 270, Sourav Ganguly akipiga 111 bila kutolewa. Tikolo alipigana hadi 56, timu ikaishia 179. Walishindwa kwa mikimbio 91, wakarudi nyumbani kama mashujaa. Kila mtu alidhani huo ni mwanzo.

Ukawa mwisho. Timu iliyostahili kukutana na wakubwa mara kwa mara ilinyimwa mechi: mwaka 2004 wote ilicheza mechi mbili tu zenye hadhi kamili ya kimataifa za ova 50. Nyumbani, wachezaji na viongozi waligombania malipo hadi ukatokea mgomo. Agosti mwaka huo Maurice Odumbe, shujaa wa Pune, alifungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na wacheza kamari. Mwaka 2005 serikali ilikivunja chama, kikaundwa kingine kwa jina la Cricket Kenya. Timu ilifika tena Kombe la Dunia la 2007, ikaifunga Canada peke yake. Mwaka 2011 ilipoteza mechi zote sita, na mjini Chennai, mbele ya New Zealand, wapigaji wote wakatolewa kwa jumla ya 69. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi kamili za kimataifa za ova 50. Mwaka 2018 ilishushwa daraja nchini Namibia, na kocha, Thomas Odoyo yule yule wa Pune, akajiuzulu.

Wengi huwatupia lawama viongozi, na lawama hizo zina msingi wake. Lakini chama kibaya huweza kuangusha mti ambao tayari una mizizi mifupi. Waulize wanakakamega kuhusu raga. Nayo ililetwa na Wazungu hao hao, nayo ilifungiwa katika vilabu vyao. Tofauti ni kwamba raga iliingia shule za upili za huku, Kakamega High ikiwa mfano, ikashindaniwa kila mwaka katika michezo ya shule, na mvulana alipomaliza kidato cha nne akakuta kiwanda cha sukari kimeanzisha timu. Kabras Sugar ilitwaa Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na tangu hapo imelitwaa mara kadhaa, ikiviacha nyuma vilabu vya Nairobi vilivyoitangulia kwa miongo. Chama cha raga pia kimekuwa na misukosuko yake. Raga haijafa, kwa kuwa ikikatwa Nairobi huchipuka Kakamega.

Majirani wametuonyesha hayo hayo katika kriketi yenyewe. Uganda ilipowafukuza Wahindi mwaka 1972, ingeweza kuuzika mchezo. Shule ndizo zilizoubeba. Juni 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20, ikaifunga Papua New Guinea huko Guyana, na Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akarusha ova nne na kuachia mikimbio 4 tu. Kenya ilikuwa katika kundi lile lile la kuwania tiketi mjini Windhoek mwaka 2023. Ilibaki nyumbani.

Rwanda ndiyo inayonigusa zaidi. Kriketi ilifika huko baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, pamoja na wakimbizi waliorudi kutoka Uganda na Kenya. Walicheza katika kiwanja kimoja cha Kicukiro, penye shule ambamo watu waliokimbilia usalama waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2016 nahodha Eric Dusingizimana alisimama kwenye wavu akipiga mipira kwa saa 51 ili kuchangisha fedha za uwanja. Uwanja wa Gahanga ulifunguliwa mwaka 2017. Januari 2023, wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliifunga West Indies katika Kombe la Dunia. Nchi iliyokuwa ikianza tu kriketi wakati Kenya inashinda Pune imepita njia fupi kuliko yetu, kwa sababu iliwafundisha watoto, na iliwahesabu wasichana pia.

Hata hapa Kenya moto haujazimika. Wanawake wetu walitwaa kombe la mashindano ya Kwibuka mjini Kigali mwaka 2021 kwa kuifunga Namibia. Huko Laikipia, vijana wa Kimaasai huvaa shuka zao na shanga, wakacheza kriketi na kuutumia mchezo huo kupinga ukeketaji. Mwaka 2028 kriketi itarudi katika Olimpiki, jijini Los Angeles. Mtoto aliye gredi ya saba leo atakuwa mchezaji kijana katika Olimpiki zitakazofuata.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kaunti ya Kakamega ina viwanja, ina walimu wa michezo, na ina desturi ya kupenda mashindano ambayo haihitaji kufundishwa. Kwa kuanzia hauhitajiki uwanja wa Gymkhana. Unahitajika ukanda mmoja ulioshindiliwa, magongo machache ya mbao, mipira laini ya kujifunzia, na mwalimu mmoja katika kila shule aliyefundishwa sheria za mchezo. Wenye dhamana ya kriketi Nairobi wangepanda gari hadi Lugari, na walimu wetu wangewapokea. Wangekuta kando ya ua wa michongoma wasichana ambao tayari wanajua kurusha, kupiga na kudaka. Kilichobaki ni mtu wa kuwaambia kwamba mchezo huo pia ni wao.